Uzinduzi wa Milima ya Mbali

Nchi inayosimuliwa hapa haimo katika atlasi yoyote, na msomaji anaombwa asijisumbue kuitafuta, kwa kuwa hata wananchi wake walikuwa wakionywa wasifanye hivyo. Ilikuwa nchi ya amani, yenye utaratibu, na tambarare kabisa. Kutoka mpaka wa mashariki hadi wa magharibi hapakuwa na kilima kilichozidi kimo cha ghala la pamba. Maji ya mvua yalikaa palepale yaliponyesha, yakisubiri maelekezo.

Jambo hilo halikumsumbua mtu yeyote mpaka siku Baba Mlezi wa Taifa alipohudhuria mkutano wa wakuu wa nchi jirani. Wakati wa chai mwenyeji wake alimuuliza, kwa nia njema tu, mlima mrefu kuliko yote nchini mwake ni upi. Baba Mlezi alijibu kwamba hiyo ni siri ya ulinzi. Aliporudi nyumbani, Waziri wa Ardhi alipumzishwa kwa uzembe wa miaka mingi katika usimamizi wa miinuko, na mahali pake akateuliwa Daktari Shetabeli, mtu mwenye shahada tatu ambazo hakuna aliyewahi kuziona zikiwa pamoja.

Daktari Shetabeli alitafuta milima kwa wiki mbili. Aliipata kwa kinyozi, katika jarida la kigeni lililokuwa limepoteza jalada. Ilikuwa picha ya rada ya mwezi mmoja wa mbali sana, mmoja wa ile inayoizunguka sayari ya Zohali: mwezi uliofunikwa na ukungu mzito wa rangi ya chungwa, na chini ya ukungu huo safu za milima ya barafu ngumu kama jiwe, zimelala sambamba kama mikunjo ya shuka lililosukumwa upande mmoja. Hakuna mtu aliyeishi huko. Hakuna aliyelalamika. Daktari Shetabeli aliuchana ukurasa ule, akatoka mbio akiwa amenyolewa upande mmoja.

Siku ya tatu redio ilitangaza kwamba milima ile imekuwa mkoa.

*

Mwalimu Tiberi Nyakunga alikuwa amefundisha jiografia kwa miaka ishirini na sita katika shule moja ya sekondari, na katika muda wote huo hakuwahi kumpa mwanafunzi alama asiyostahili, wala kumnyima aliyostahili. Chaki zake alizipanga kwa urefu. Rejista zake za mahudhurio, tangu ya mwaka wa kwanza, zilikuwa kabatini kwake, zimefungwa kwa uzi kwa kufuata miaka. Kwa sababu ya sifa hizo aliazimwa na Ofisi ya Ramani, iliyoongozwa na Bwana Hozza, mkurugenzi ambaye hakuwahi kuchora ramani lakini alikuwa amegonga mihuri kwenye nyingi.

Kazi aliyopewa ilikuwa nyepesi kuieleza: safu zilizoonekana katika picha zilikuwa arobaini na moja, na kila safu ilihitaji jina. Mlima mrefu kuliko yote, wenye mita zaidi ya elfu tatu, ulipewa jina la Baba Mlezi kabla Tiberi hajaketi. Iliyobaki iligawanywa kwa kulinganisha mita na vyeo, na hapo amani ya Baraza la Mawaziri ikatetereka. Waziri wa Uvuvi alimtuma msaidizi wake na rula kuhakikisha kwamba safu yake haikuzidiwa na ile ya Waziri wa Mifugo. Waziri wa Mifugo alituma rula ndefu zaidi. Tiberi aliwapokea wote, akapima upya kila kitu mbele yao, akaandika majina arobaini kwa mwandiko wake ulionyooka, bila kufuta hata herufi moja.

Ikabaki safu ya arobaini na moja, fupi, pembezoni kusini.

"Umetuhangaikia sana, Mwalimu," alisema Bwana Hozza. "Hicho kijilima cha mwisho mpe umtakaye. Mpe hata mama mkwe."

Tiberi alifikiri mchana kutwa. Hakuwahi kupewa chochote cha kugawa. Kisha akaandika: Safu ya Atupele Mwakibinga.

Atupele alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi upande wa pili wa mji ule. Walihitimu chuo cha ualimu mwaka mmoja. Tiberi alipougua homa ya matumbo, akalazwa muhula mzima, Atupele ndiye aliyemaliza vipindi vyake saa nane akavuka mji kwenda kumfundishia vyake, asimwambie mtu. Tiberi alilijua hilo baadaye sana, kutoka kwa wanafunzi, na hakuwahi kupata namna ya kushukuru iliyomtosha. Sasa ameipata, ina mita mia nne.

*

Katika nchi ile, kitu hakikuhesabiwa kuwa kipo mpaka kizinduliwe. Bomba la maji lisilokatiwa utepe halikufunguliwa, na daraja moja la kaskazini lilisubiri uzinduzi kwa miaka miwili huku watu wakiogelea kando yake. Tena ilikuwa sheria, si desturi tu, kwamba kitu chenye jina la mtu huzinduliwa na mwenye jina, kwa mkono wake, akiwa amesimama mbele ya kitu chenyewe. Sheria hiyo ilitungwa baada ya wakuu wawili wa mikoa kupigania mkasi katika zahanati moja, wakamkata muuguzi.

Katika furaha ya kupata milima, jambo hilo lilisahauliwa na kila mtu. Lilikumbukwa siku Mkuu wa Itifaki aliposimama barazani kusoma ratiba. Milima ikazinduliwe, alisoma. Safari ya kwenda ni miaka saba. Hakuna hewa ya kuvuta. Baridi ya huko hupasua chuma. Kila mheshimiwa aje na mkasi wake.

Baba Mlezi alitazama dari. Mawaziri nao wakaitazama, kila mmoja akiwa amegundua kitu cha kuvutia huko juu.

Ndani ya wiki ile viongozi wa nchi walipatwa na unyenyekevu usio wa kawaida. Barua arobaini zilifika Ofisi ya Ramani, zote zikisema kwamba mwandishi, baada ya kujitafakari, ameona hastahili mlima. Sheria iliruhusu jina lirudishwe, mradi mwenyewe awe na cheo cha kuanzia mkurugenzi. Safu arobaini zikabaki bila wenyewe kwa muda wa saa nne hivi. Kisha ikaletwa orodha mpya, kutoka ofisi moja ambayo mlangoni pake hapakuwa na kibao.

Wa kwanza alikuwa mfamasia aliyeuliza mkutanoni dawa za hospitali ya wilaya zilikwenda wapi. Wa pili alikuwa mzee wa mahakama aliyekataa kubadili neno lake. Wa tatu alikuwa mama mmoja wa sokoni aliyecheka wakati wa dakika mbili za ukimya. Tiberi aliyaandika yote arobaini, kwa mwandiko ule ule ulionyooka.

"Na huyu wa mwisho?" aliuliza, kalamu mkononi. "Mwalimu Atupele hana cheo cha kumwezesha kuurudisha. Niutafutie mlima wake mtu mwingine?"

Bwana Hozza aligeuza karatasi, akaisoma nyuma, akairudisha. "Wale wa ofisi isiyo na kibao wameliangalia jina lake. Wamesema libaki. Wanamfahamu. Kila muhula anaandika barua kuulizia madawati."

*

Uzinduzi ulianza kimyakimya. Gari la kijivu lilifika nyumbani kwa mteule asubuhi. Afisa Safari, Bwana Chonjo, alishuka na sweta, mkasi na utepe. Akampongeza mteule, akampongeza mwenzi wake, akawapongeza na majirani waliokuwa wakichungulia. Kisha gari likaelekea Kituo cha Safari za Mbali, nyuma ya machimbo ya kokoto. Hakuna aliyewahi kuona moshi huko, wala kusikia kishindo.

Siku ya nne baada ya kila safari ya miaka saba, barua iliwasili. Barua zote zilipitia kwanza Ofisi ya Ramani ili ithibitishwe kwamba zimetoka katika mlima unaohusika. Tiberi alizipanga mezani, moja kando ya nyingine. *Nimefika salama. Kuna baridi. Msinisubiri kwa chakula.* Alikuwa amesahihisha mitihani kwa miaka ishirini na sita, na mkono wake ulikuwa umekwisha kuichukua kalamu nyekundu kabla hajajizuia.

"Mkurugenzi," alisema, "hawa wamenakili."

"Nani?"

"Wote. Mwandiko ni mmoja."

Bwana Hozza aliinuka, akafunga mlango, akarudi akaketi. "Mwalimu, huko ni baridi sana. Mikono ya watu ikiganda, yote huandika namna moja." Alisema hivyo bila kumtazama. Kisha akaugonga muhuri kwenye barua ya kwanza, na ya pili, na ya tatu.

*

Tiberi alimkuta Atupele shuleni kwake, nyuma ya ofisi, amepiga magoti, akigongomea mguu wa benchi kwa jiwe.

"Karibu, kaka Tiberi. Shika hapa. Si hapo, utaumia."

Tiberi alishika.

"Watoto wananiambia nina mlima," alisema Atupele. "Nikawaambia serikali imekosea. Mimi niliomba madawati."

"Ni mimi niliyekuandika, dada."

Jiwe lilisimama hewani. "Wewe?"

"Nilitaka kukushukuru. Muhula ule niliougua."

"Miaka ishirini na minne imepita, Tiberi. Ungeniletea hata kuku." Alicheka, na kicheko kikaisha mapema kuliko alivyokusudia. "Mimi ni wa ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Na wamefika?"

"Kumi na tisa."

Atupele aligonga msumari mara mbili, taratibu. "Mke wa mfamasia alinionyesha barua. Eti wasimsubiri kwa chakula. Mwanamume yule alichelewa chakula kila siku ya ndoa yake, na kila siku alinuna akikuta hakusubiriwa."

"Unaweza kuondoka," Tiberi alisema kwa sauti ya chini. "Mpaka wa karibu ni kilomita mia mbili."

"Katika nchi hii? Mtu akitoka hapa asubuhi kwa miguu, jioni bado wanamwona. Tena darasa la saba wana mtihani mwezi wa kumi." Alisimama, akaketi juu ya benchi kulijaribu; likalia, likastahimili. "Rudi ofisini, kaka. Ulichokiandika wewe, kakisahihishe wewe. Si ndiyo kazi yetu?"

*

Tiberi alifunga mlango kwa siku tatu na ile picha. Picha ya rada ni mwanga na kivuli tu. Na mtu akitaka, anaweza kubishana kuhusu upande mwanga ulikotoka, kilichoinuka kikaonekana kimebonyea. Safu ya arobaini na moja ilikuwa imeinuka. Alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. Akachukua karatasi safi, na kwa mara ya kwanza tangu avae viatu vya ualimu akaandika jibu alilojua ni la uongo: baada ya vipimo vya kina, safu hiyo imethibitika kuwa si mlima bali ni bonde, hivyo haihitaji kuzinduliwa.

Aliitwa wizarani siku ile ile. Daktari Shetabeli alikuwa amesimama katikati ya zulia, taarifa mkononi.

"Mwalimu Nyakunga, unajua umefanya nini?"

Tiberi alisimama pembeni ya zulia. "Nimepima, Mheshimiwa."

"Umeipa nchi mabonde." Waziri alifungua mikono kana kwamba uwanja mzima ulikuwa ukimsikiliza. "Taifa lenye milima bila mabonde ni taifa lililosimama bila pa kukaa. Tulikuwa tumejisahau, ndugu zangu. Kati ya safu na safu pana nini? Pana bonde! Na bonde ni mali ya umma, haliwezi kuachwa likae bila jina kama ng'ombe asiye na chapa." Ndugu zake chumbani walikuwa Tiberi na Bwana Hozza tu.

Kufikia alasiri wasaidizi wa Waziri walikuwa wamehesabu mabonde mia nne na kumi na mawili. Bonde la Atupele Mwakibinga, kwa heshima ya kugunduliwa kwanza, lilipangwa kuzinduliwa kwanza, Jumatatu.

"Hayo mengine mia nne na kumi na moja yanahitaji wenyewe," alisema Waziri. "Ile ofisi isiyo na kibao imechoka, orodha yao inakwisha. Wamekupendekeza wewe."

"Mheshimiwa, mimi siwafahamu watu wengi kiasi hicho."

"Umefundisha miaka ishirini na sita. Huna rejista za mahudhurio?"

Tiberi aliyaona majina yakimpita kwa alfabeti, kila moja na sauti yake ya kuitikia.

"Ninazo," alisema hatimaye. "Lakini shughuli kubwa namna hii, Mheshimiwa, haiendeshwi bila kanuni. Wageni watatucheka."

Uso wa Daktari Shetabeli ulilainika. Kanuni zilikuwa udhaifu wake. Alizipenda kama wengine wanavyopenda halua. "Ziandike," alisema. "Ziwe ndefu."

*

Tiberi aliandika kwa siku mbili Kanuni za Uzinduzi wa Maumbo ya Ardhi ya Mbali, kurasa thelathini na moja, zenye fasili, vifungu na majedwali. Kanuni ya nne ilisema kwamba maumbo yote ambayo hayajazinduliwa, yawe milima au mabonde, yatazinduliwa mfululizo kwa nambari. Kanuni ya tano ilisema kwamba nambari moja ni bonde la rejea, ambalo mengine yote hupimwa kutoka kwake, nalo litabeba jina la mpimaji. Kanuni ya tisa ilisema kwamba nambari inayofuata haitaguswa mpaka mzinduzi wa nambari iliyotangulia awe amerudi, akasimama uwanjani kwa miguu yake mbele ya Baba Mlezi na wananchi, akaonyesha mkasi. Ya thelathini ilisema kwamba kanuni hizi hazirekebishwi wala kufutwa mpaka utekelezaji wake wa kwanza ukamilike.

Bwana Hozza ndiye aliyepaswa kuzigonga muhuri kabla hazijapelekwa kwa Waziri. Alipofika ukurasa wa nne alisimama.

"Mwalimu, hapa nambari moja umejiandika mwenyewe."

"Ndiyo, Mkurugenzi."

"Kumbe nawe una tamaa ya ukubwa." Ulikuwa mzaha, nao ukamfia mdomoni, kwa kuwa jicho lake lilikuwa limeshuka hadi kanuni ya tisa. Aliisoma. Akairudia kwa kidole. Kisha akamtazama Tiberi kwa muda mrefu, kama mtu anayemwona jirani yake kwa mara ya kwanza.

"Mke wako anajua?"

"Nilimwambia jana. Hajalala. Ameniambia tu nisisahau dawa ya kifua."

Bwana Hozza aliuchukua muhuri, akaupulizia pumzi, akaugonga chini ya kila ukurasa, thelathini na moja, bila kuruka. "Mimi sikuzisoma," alisema. "Sisomagi. Kila mtu hapa anajua."

Daktari Shetabeli alisoma kurasa tatu za mwanzo kwa sauti, akasifu neno *mfululizo*, akasaini.

*

Jumatatu asubuhi gari la kijivu halikwenda shule ya msingi. Lilisimama mlangoni kwa Tiberi. Bwana Chonjo alimpongeza, akampongeza mkewe ambaye hakuitikia, akampa sweta.

Sweta lile lilikuwa limekwisha kuvaliwa. Kwenye kiwiko lilikuwa limetiwa kiraka kwa uzi wa rangi nyingine.

Nyuma ya machimbo hapakuwa na mtambo wowote wa safari. Palikuwa na ukumbi mrefu, dari yake imepakwa rangi nyeusi na kuchorwa nyota, na mwishoni mwa ukumbi mlango mdogo wa chuma uliokuwa wazi kwa nje. Ukutani palipangwa misumari, na kwenye misumari masweta, na chini ya kila sweta mkasi. Tiberi aliyahesabu, kwa mazoea tu. Yalikuwa thelathini na matatu. Mama wa sokoni alikuwa na sweta dogo kuliko mengine. Majina yote yale yalikuwa yamepita kwenye kalamu yake, na aliyataja moja moja moyoni, akikawia kwa kila moja, ingawa alijua hakuna wa kuitikia.

Kando ya mlango walisimama wanaume wawili waliovaa aproni za mpira.

"Pita tu hapo, Mwalimu," alisema Bwana Chonjo kwa upole. "Sweta unaliacha."

"Umezisoma kanuni mpya?"

"Zimeletwa jana. Ni ndefu."

"Soma ya tisa."

Bwana Chonjo alizitoa kwenye mkoba wake, akalowesha kidole, akapekua. Alisoma midomo ikicheza. Alipofika mwisho alianza tena. Wale wawili wenye aproni walikuja wakasoma juu ya bega lake.

"Anayefuata," alisema Bwana Chonjo polepole, "ni mpaka urudi wewe."

"Uwanjani. Kwa miguu yangu."

"Tunaweza kupeleka barua."

"Barua haionyeshi mkasi."

Bwana Chonjo alikwenda kwenye simu ya ukutani, akazungusha, akasikiliza, akasema ndiyo mzee, ndiyo mzee, imesainiwa, hapana mzee, haifutiki, mpaka arudi. Upande wa pili mtu alipiga kelele kwa muda, kisha akanyamaza. Bwana Chonjo alirudisha mkono wa simu mahali pake kwa uangalifu mkubwa. Katika historia yote ya kituo kile, huyu alikuwa mtu wa kwanza ambaye serikali ilihitaji arudi, na hakuna aliyekuwa na utaratibu wake. Mmoja wa wenye aproni alianza kuifungua aproni, akasita, akaifunga tena.

Tiberi alivuta benchi lililokuwa ukutani, akaketi, akalivaa lile sweta lenye kiraka.

"Mwalimu," aliuliza Bwana Chonjo, kitabu cha safari kikiwa wazi mkononi na sauti yake ikiwa imepungua, "sasa hapa niandike unarudi lini?"

"Miaka saba kwenda na saba kurudi. Andika kumi na minne," alisema Tiberi. "Halafu ufunge huo mlango, unaingiza baridi."